Vidole vya Mjomba na Nyuzi Zisizoshikika

9 Januari

Mpwa wangu, Daktari wa Nyuzi,

Pokea salamu zangu, ukimaliza pokea na za mama yako, kisha uniambie kama huko uliko kuna binadamu wanaosalimiana au mnapungiana kalamu tu. Sisi wazima. Mama yako magoti yamemgomea lakini mdomo uko imara, na cherehani yake bado inaamsha ghorofa nzima ya tisa. Mimi sukari imetulia. Ukisikia vingine kutoka kwake, jua ni uchochezi.

Sura ya kwanza ya kitabu chako imefika. Mama yako alitaka nikupigie simu, nikamwambia simu ni ya kuulizana "uko wapi". Mambo ya ulimwengu yanataka karatasi. Unasema unatafuta msomaji asiyejua kitu akuonyeshe palipo na giza. Nashukuru kwa heshima, ingawa hiyo "asiyejua kitu" tutaizungumza ukirudi. Mimi niliacha shule darasa la saba kwa kuwa nilikuwa nimemaliza kuwasaidia walimu. Nimetengeneza lifti katika nchi tatu. Nimepandisha mabalozi. Nimezalisha mwanamke kati ya ghorofa ya nne na ya tano, na mtoto hadi leo ananiamkia. Ulimwengu utanishinda nini?

Nimekuelewa hivi. Chukua kitu chochote, meza, mbwa, pua ya msimamizi wa jengo letu. Kikate, kata tena, kata hadi kisu kichoke. Watu walidhani mwisho wake utakuta punje. Wewe unasema utakuta kijiuzi kinachotetemeka. Kikitetemeka hivi ni elektroni, kikitetemeka vile ni mwanga, na uzi ni ule ule. Hapo nikagonga meza nikamwambia mama yako, unaona, damu yangu hiyo.

Maana mimi nyuzi nazijua. Lifti yangu ina kamba tano za chuma, kila moja imesokotwa kwa nyaya nyembamba kibao. Waya mmoja ukikatika ndani ya grisi, macho hayauoni. Basi nashika kitambaa juu ya kamba, lifti inatembea pole pole, na waya uliokatika ukipita unakidokoa kitambaa, kidogo, kama mtoto mwenye haya anayekuvuta shati. Mafundi wengine hawasikii. Mimi nasikia, ndiyo maana wakaniita Vidole. Miaka yote, katika jengo ambalo dada yangu mwenyewe anapanda na kushuka, hakuna waya ulionipita.

Na siku hizi vidole vyangu vimekomaa zaidi. Juzi nimeepua sufuria ya chai kwa mikono mitupu, mama yako ndiye aliyepiga kelele.

Kitabu kinaisha lini? Nimeshakitangaza jengo zima. Na swali dogo, la asiyejua kitu: hizo nyuzi zenu hakuna aliyezishika. Mtu akipitisha mkono mahali, asihisi kitu, ana ruhusa ya kusema hakuna kitu?

Mjomba wako,
Vidole

2 Februari

Shikamoo Mjomba,

Natumaini barua hii inakukuta ukiwa umekaa, maana najua ukisoma umesimama unaanza kuhutubia. Mimi mzima. Baridi ya huku inaingia hadi kwenye meno. Dirisha la ofisi yangu linatazama ukuta, na mwenzangu wa hesabu anakula tufaa pamoja na mbegu zake bila kuacha kuongea. Mwambie Mama shali yake ndiyo inayofanya kazi yote, mimi nimo ndani yake tu.

Swali lako si dogo. Kidole ni kipana, Mjomba. Kitu kidogo unakijua kwa kukigusa na kitu kidogo zaidi, na katika fizikia kugusa padogo hivyo kunataka nguvu nyingi mno. Tuna mashine zinazozunguka chini ya ardhi, kubwa kama mji, zinazogonganisha chembe hadi zinapasuka. Kwa nyuzi zetu, hizo nazo ni sawa na wewe kupapasa kamba ukiwa umejifunga godoro mkononi. Kwa hiyo sura ya pili nimeiandikia sentensi hii: kutokuhisi si sawa na kutokuwepo.

Nimekuibia pia, usikasirike. Nyuzi zetu haziwezi kutetemeka vizuri katika mielekeo mitatu tunayoijua, yaani juu na chini, mbele na nyuma, kushoto na kulia. Hesabu zinadai mingine, midogo, iliyojikunja. Wasomaji huniuliza imejificha wapi. Nimewaambia hivi: wapangaji wa jengo fulani wanajua lifti yao ina njia moja tu, ya juu na chini. Lakini fundi aliniambia kuwa kamba ikibeba mzigo hujisokota kidogo, inazunguka mahali pake. Mpangaji wa ghorofa ya tatu ataishi na kufa bila kujua kuwa mzunguko huo upo, na kumbe kila siku unapita mbele ya mlango wake.

Kilichonivuta mimi ni kingine. Watu walipokuwa wakihesabu mitetemo ya nyuzi, mmoja ulijitokeza bila kuitwa, na ukafanana kabisa na ule unaotakiwa kubeba mvutano, huo huo unaoivuta lifti yako chini. Hakuna aliyekuwa akiutafuta. Nilikuwa msichana niliposoma hayo, nikalia maktaba hadi nikaombwa nitoke.

Kuhusu kitabu kitaisha lini: hali ya hewa huku ni mbaya sana.

Mpwa wako

21 Februari

Daktari wa Nyuzi,

Marahaba, marahaba. Huku wazima. Mama yako amepata kazi ya kushona mapazia ya jengo zima la jirani na anatamba kama aliyelijenga. Nimekuuliza kitabu, umenijibu hali ya hewa. Nimeona. Nimenyamaza.

Sentensi yako imenivuruga. Nimeisoma nikiwa chumba cha mashine, kule juu ya ghorofa ya tisa, nikaisoma tena nikishuka ngazi. Ndiyo, ngazi, nimeanza mazoezi. Nimemshauri na mama yako afanye mazoezi, akaniuliza kama nimerukwa na akili, kwa magoti yale na ghorofa zile.

Basi akishuka na lifti nashuka naye, akipanda napanda naye. "Wewe una nini, unanifuata kama harufu?" ananiambia. Nikamwambia mwanamke mrembo hapandi lifti peke yake. Alicheka hadi ghorofa ya sita. Mimi nilikuwa nasikiliza kila mlio juu ya vichwa vyetu. Milio ile ile niliyoisikia maisha yangu yote, lakini sasa kila mmoja nauona kama unataka kuniambia kitu halafu unaghairi.

Vitambaa vya siku hizi vibovu sana. Wiki iliyopita nimekagua kamba zote tano, safi, sikuhisi hata punje. Nashuka, nafungua mkono, kitambaa kimechanika katikati, mpasuko wa urefu wa kidole. Sijui kimechanikia wapi. Viwanda vimeharibika.

Sasa, kuna rafiki yangu, fundi mwenzangu, wewe humjui. Anauliza hivi. Tuseme nyuzi zipo, na chombo cha kuzipimia ndicho kilichokufa, na mwenye chombo hajui. Ninyi wataalamu mnajuaje? Chombo kinaweza kujipima chenyewe? Hana haraka, ila anataka jibu mapema.

Mjomba wako,
Vidole

19 Machi

Mpwa wangu,

Salamu. Mama yako mzima. Barua yako sijaiona, labda posta wameikalia.

Leo kati ya ghorofa ya saba na ya sita lifti imetikisika. Mara moja tu. Mama yako alikuwa amekumbatia gauni la mteja, akasema, "Vidole, lifti yako imeshikwa na kwikwi." Nikacheka. Nilicheka kwa nguvu mno, akanigeukia akanitazama, na mimi nikatazama namba za mlangoni.

Najua utakavyosema. Kamba tano, na moja peke yake inaweza kubeba. Mimi ndiye ninayewaambia watu hivyo. Na chini ya lifti kuna kabari za chuma, kamba zikikatika zinabana reli, lifti inasimama. Najua. Kabari hizo zina umri wa jengo, na anayezipapasa kujua kama bado zina meno ni nani? Ni mimi.

Nimeingia shimoni mchana, nikasimama chini nikitazama juu. Sijawahi kuliogopa shimo lile. Nilitoka haraka mpaka nikaacha spana.

Andika.

Mjomba

28 Machi

Shikamoo Mjomba,

Barua zako mbili nimezisoma siku moja, leo. Zilikuwa ofisini, na mimi sikwenda ofisini muda mrefu. Nitakwambia kwa nini, lakini kwanza wewe.

Huna rafiki fundi. Mafundi wote unaowajua unawaita wapaka grisi.

Chombo hakiwezi kujipima chenyewe, Mjomba. Kinahitaji kingine pembeni yake: vidole vingine, kamba ile ile. Sufuria ya moto, kitambaa kilichochanika, sukari "iliyotulia". Nimeviweka pamoja, nikaona vidole vilivyokufa ganzi. Nimekupigia, hupokei. Nimempigia Mama nikamwambia asipande lifti. Akauliza kwa nini, nikamwambia, muulize kaka yako. La vidole ni lako wewe kulisema, mdomo wangu umekataa. Lakini izime. Barua hii ikikufikia na lifti inatembea, iweke chini hapo hapo ukaizime, ndipo urudi kuisoma.

Sasa mimi. Imebaki sura ya mwisho. Mhariri anataka iishe kwa ushindi, msomaji afunge kitabu akiwa na uhakika. Kila nikikaa kuiandika mikono inakuwa baridi. Umri wangu wote wa kazi nimepapasa kamba ambayo haijawahi kukidokoa kitambaa, hata mara moja. Sijui kama kidole changu ni kipana au uzi haupo. Zamani niliogopa kukosea. Siku hizi naogopa kuzeeka na kufa bila kujua kama nilikosea. Ile sentensi iliyokuvuruga niliiandika kujifariji, na kumbe nimekutisha wewe.

Sikwenda ofisini kwa sababu barua za mhariri zinafikia huko.

Mpwa wako anayekuogopea

16 Aprili

Mpwa wangu,

Salamu zako zimefika na hofu yako imefika nayo. Mama yako yuko hai. Naanza na hilo.

Siku ile ulipompigia, alipanda ngazi hadi chumba cha mashine. Ni ngazi moja tu kutoka kwake, lakini kwa magoti yale nilimsikia akija muda mrefu. Akasimama mlangoni. "Mtoto amesema nikuulize. Nakuuliza."

"Mtoto amesoma sana, kichwa kimepata joto," nikasema.

"Nakuuliza, Vidole."

Nikaanza hadithi ya balozi. Hakucheka. Akachomoa sindano kwenye kola, unajua anavyoziweka. "Leta mkono. Fumba macho. Nikikugusa, sema."

Nikafumba. Nikangoja. Nikamwambia, "Anza basi, au unaniombea dua?" Kimya. "Dada, unangoja nini?" Kimya. Nikafumbua macho. Kila ncha ya kidole ilikuwa na tone lake la damu, na yeye analia bila sauti, sindano bado iko mkononi.

Mpwa wangu, nimeona vitu. Nimewahi kuning'inia kwa mkono mmoja ghorofa ya kumi na nne. Hakuna kilichowahi kunitisha kama matone yale ambayo sikuyasikia yakija.

Nikazima lifti. Msimamizi akapanda ghorofa zote kwa miguu, akafika akiwa hana pumzi wala adabu. "Nani kazima?"

"Mimi."

"Kuna hitilafu gani?"

"Sijui. Hiyo ndiyo hitilafu yenyewe."

Akasema wapangaji watamla nyama. Nikamwambia aanze kujitia chumvi. Ulimi una mazoea yake.

Mama yako hakuondoka. Akaokota kitambaa, akasema, "Nionyeshe kinashikwaje." Mwanamke yule tangu binti anaujua uzi uliokatika ndani ya upindo huku anasengenya mtu mwingine. Umeme umezimwa, nikawa nazungusha gurudumu la mashine kwa mkono, pole pole, kamba inapita chini ya kitambaa chake. Ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Nikaanza kupumua. Nikaanza hata kutafuta maneno ya kukucheka.

Ya tatu akasema, "Hapa."

"Hapa nini?"

"Rudisha. Hapa. Na hapa. Na hapa, wewe!" Akasugua kitambaa, akafuta grisi, akainama. "Kaka, hapa pamekuwa kama mswaki."

Nikaweka kidole changu pale pale. Nilikuwa naziona nyaya zimesimama, nyingi. Nikasugua mbele na nyuma. Kwangu ilikuwa laini kama hariri.

Akauliza, "Asubuhi nilipanda na hii?"

"Ulipanda nayo."

Akakaa juu ya sanduku la spana. Angenigombeza ningejua la kujibu. Alikaa tu, ameshika kitambaa kwa mikono miwili kama mtu aliyeshika kitu cha wageni.

Wamemleta fundi mwingine, mama mmoja mkali, hapendi utani, amenifurahisha kwa hilo. Kamba ya tano nayo ilikuwa hivyo hivyo. Kabari moja ya chini ilikuwa imeganda kwa kutu. Nilimuuliza, kamba zingekatika, kabari zingebana au zisingebana. Akasema, "Mzee, usiniulize hilo." Nimemkabidhi funguo.

Wapangaji wanapita kwa ngazi wananisalimia kwa heshima ile ile, wengine wamebeba ndoo. Hawajui. Kila "shikamoo mzee" inaniingia kama ile sindano, na hiyo naisikia.

Mjomba wako

5 Mei

Shikamoo Mjomba,

Barua yako nimeisoma nimesimama ukumbini, na koti bado nimelivaa. Mwenzangu wa tufaa aliniletea kiti, akaacha kutafuna. Mwambie Mama nampenda. Mwambie pia asikuchome tena bila taarifa.

Hukusaini Vidole. Nimeona. Nimenyamaza.

Nimeiandika sura ya mwisho. Inasema kwamba nyuzi zimetupa hesabu nzuri kuliko zote tulizowahi kuziona, na kwamba mvutano ulijitokeza ndani yake bila kuitwa, na kwamba hadi leo hakuna aliyehisi kitambaa kikidokolewa. Kisha inasema: hatujui. Inasema vidole tulivyo navyo haviwezi kuapa kuwa zipo wala kuapa kuwa hazipo, na mwenye kuapa kwa vidole vyenye ganzi anawapandisha watu hatarini. Mhariri amesema hakuna anayenunua kitabu kinachoishia kwenye "hatujui". Nimemwambia namjua mmoja, na ameshakitangaza jengo zima.

Hofu haijaondoka. Ninaamka nayo, nakwenda nayo ofisini, inakaa upande wa dirisha. Lakini nakwenda.

Daktari amesemaje? Na lifti ikifunguliwa, utapanda?

Mpwa wako

2 Juni

Daktari wa Nyuzi,

Salamu kwako na kwa mla mbegu. Mama yako anashona na kuimba vibaya, maana yake ni mzima. Daktari wangu, kijana mwenye masharubu kama ufagio wa choo, amesema vidole vilivyokwenda vimekwenda. Sasa tunailinda miguu. Nakunywa chai bila sukari, kinywaji kinachofaa kuoshea magari.

Sura ya mwisho nimewasomea wapangaji pale chini, wakisubiri lifti ifunguliwe. Kinyozi wa ghorofa ya pili akauliza, "Sasa kama hawajui, wanalipwa kwa nini?" Nikamwambia, kwa sababu wanasema kuwa hawajui. Hapo sikuwa na utani tena, nikakunja karatasi.

Umeniuliza kama nitapanda. Sikutaka. Kamba mpya, kabari mpya, yule mama mkali amezipima kwa mashine na kwa mkono wake, na bado walipofungua milango nilirudi nyuma nikajifanya nafunga kiatu. Watu wakapanda wakashuka. Mwisho tukabaki mimi na mama yako na vitambaa vyake vya mapazia.

"Twende," akasema.

"Tangulia."

"Ulinifuata kama harufu wakati inatuua, leo imepona unaniacha?"

Nikaingia. Milango ikafunga. Nikaweka mkono wa kulia ukutani, mazoea, kusikiliza kamba. Ukuta ulikuwa haupo. Nauona, naugusa, haupo. Ghorofa ya pili, ya tatu. Jasho likanitoka, mpwa wangu, mimi niliyepandisha mabalozi. Nilikaza macho kwenye namba, nikawa nangoja kwikwi. Ya sita. Ya saba, pale pale. Nikashika pumzi. Lifti ikapita kimya.

Ya tisa milango ikafunguka, nikataka kutoka, nikashindwa. Kuna kitu kilikuwa kimenizuia. Nikatazama chini. Dada yangu alikuwa ameushika mkono wangu wa kushoto, ameubana kwa vidole vyote, hadi kucha zimekuwa nyeupe. Sijui alikuwa ameushika tangu ghorofa ya ngapi.

Mjomba wako